Taa za sola za bustani: kabla hujazitupa, na kabla hujaziwekea betri kubwa

Swali: Nina taa nane za bustani zinazotumia jua, zile za kuchomeka ardhini. Mwaka wa kwanza ziliwaka mpaka alfajiri. Sasa mbili haziwaki kabisa, tatu zinawaka kama nusu saa kisha zinazima, moja inakonyeza usiku kucha, na mbili zilizobaki zinawaka ila mwanga umefifia. Moja ya zile za nusu saa iko chini ya mti. Je, zinatengenezeka au nizitupe? Na nikishazifungua, naweza kuweka betri kubwa au LED kubwa ili ziwe na mwanga mkali zaidi?

Jibu: Usitupe hata moja kwanza. Kwa dalili ulizoeleza, nitashangaa ikiwa zaidi ya taa moja kati ya hizo nane imekufa kweli. Taa za aina hii huuzwa kana kwamba zikizima maisha yake yamekwisha, na jambo hilo linanikera, kwa sababu ndani ya ile kofia kuna vitu vitano tu: paneli, betri, chipu ndogo, koili na LED. Vyote vitano vinapimika, vyote vinabadilishika, na kinachoharibika mara nyingi kuliko vingine ndicho rahisi zaidi kubadilisha.

Kabla ya kugusa zile mbovu, chukua moja inayowaka, ifungue na uitazame vizuri. Juu kuna paneli yenye vipande vyembamba vilivyopangwa sambamba. Kila kipande cha silikoni hutoa karibu nusu volti kikipata jua, kwa hiyo paneli ya vipande vinne hutoa takriban volti 2. Betri mara nyingi ni moja, ya kuchaji, ya volti 1.2. Hapo ndipo ulipo ufundi wa taa yenyewe. LED nyeupe kwa hakika ni LED ya bluu iliyofunikwa poda ya njano, na bluu haiwaki sawasawa mpaka ipate karibu volti 3. Betri ya volti 1.2 haiwezi kuiwasha peke yake. Ndiyo sababu ya kuwepo chipu, kwa kawaida yenye miguu minne, na koili, ambayo kwa macho utadhani ni resista nene ya kijani. Chipu inapitisha mkondo kwenye koili na kuukata, maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na kila mkondo unapokatwa koili inasukuma volti juu hadi LED inawaka.

Chipu hiyo hiyo ina kazi ya pili, kuiangalia paneli. Paneli ikitoa volti, chipu inachukulia kuwa ni mchana: inapeleka umeme kwenye betri na kuizima LED. Volti ya paneli ikishuka, inachukulia kuwa ni usiku na kuiwasha LED. Kwa hiyo katika taa nyingi za siku hizi paneli ndiyo jicho. Taa za zamani zilikuwa na jicho lake kando, kidude cha duara chenye mistari ya kujipindapinda. Likumbuke hili tutakapofika kwenye taa yako inayokonyeza.

Sasa anza na betri, hata kama moyo unakuambia tatizo liko kwingine. Betri hizi huchajiwa na kutumika kila siku inayokuja, tena ndani ya kofia ya plastiki inayopigwa na jua, na joto linazimaliza haraka. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya maisha hayo uwezo wake huwa umeshuka sana. Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote: toa betri kwenye taa inayowaka vizuri, itie kwenye taa mbovu, kisha funika paneli yote kwa kiganja. Ikiwaka, saketi ni nzima, na shida iko kwenye betri ya zamani au kwenye kuchajiwa kwake.

Kipimo cha pili ndicho kinachotenganisha hayo mawili, na ndicho watu wengi hawakifanyi. Chukua betri za zile taa tatu za nusu saa, zichaji usiku mmoja kwenye chaja halisi ya betri za Ni-MH (betri za kuchaji za volti 1.2 zilizozoeleka), kisha zirudishe kwenye taa zake. Taa ikiwaka saa nyingi usiku huo, betri bado ina nguvu na paneli ndiyo haiilishi. Ikizima tena baada ya nusu saa, betri imekwisha. Ukifanya hivi hutanunua betri mpya kwa ajili ya taa ambayo ugonjwa wake ni paneli, wala kuhangaika na paneli ambayo haina kosa. Ukiwa na multimita, kile chombo cha kupimia umeme, unaweza pia kupima volti za betri huku taa inawaka: betri nzima iliyojaa hukaa karibu na volti 1.2 hadi 1.3 kwa muda mrefu, lakini iliyochoka huanza vizuri halafu inashuka chini ya volti 1 mbele ya macho yako. Kuipima ikiwa imetolewa, bila mzigo, hakusemi mengi. Betri iliyochoka ikipumzishwa huonyesha namba nzuri tu.

Kuhusu betri ya kununua, soma maandishi kwenye ile ya zamani, usiangalie umbo peke yake. Ikiwa imeandikwa Ni-MH au Ni-Cd na 1.2V, weka Ni-MH ya saizi ile ile. Ni-Cd usiirudishe hata ukiikuta dukani, kwa sababu ina kadimiamu (hiyo ndiyo Cd), nayo ni sumu. Usiweke betri ya kawaida ya alkalini ya volti 1.5 hata kwa majaribio ya siku chache: taa itawaka vizuri usiku huo, kesho yake paneli itajaribu kuichaji, na betri isiyotengenezwa kuchajiwa huvuja na kula springi na nyaya. Hatari nyingine haijulikani sana. Zipo taa zinazotumia betri ya litiamu ya volti 3.2 yenye umbo lile lile la betri ndogo ya kawaida. Ukiitia hiyo kwenye taa ya volti 1.2, umeme unapita moja kwa moja kwenye koili hadi kwenye LED bila kuzuiwa, na unaweza kuunguza LED na chipu pamoja. Ukitia ya volti 1.2 kwenye taa ya litiamu, haitawaka. Za litiamu za volti 3.7 nazo ni kitu kingine tena, hujazwa hadi volti 4.2, na hazibadilishani na za volti 3.2. Namba iliyoandikwa kwenye betri ya zamani ndiyo uifuate.

Betri mpya ichaji kwanza kwenye chaja kabla ya kuitia. Zikikaa dukani muda mrefu hupungua, na paneli ndogo inaweza kuchukua siku kadhaa kuifikisha mahali, wewe ukidhani kazi yako haikufaulu. Na swichi iache kwenye kuwasha. Taa nyingi zikizimwa kwa swichi betri inatengwa kabisa, kwa hiyo taa inakaa juani siku nzima bila kuchaji chochote.

Tuje kwenye paneli. Katika taa za bei ya chini paneli hufunikwa kwa utomvu mgumu unaoangaza, badala ya kioo. Mionzi ya jua inauharibu utomvu huo taratibu: unapata ukungu mweupe, kisha unageuka njano. Kwanza ioshe kwa maji na sabuni kidogo, maana vumbi na kinyesi cha ndege peke yake vinaweza kunyima betri chakula. Kisha fanya hivi: paneli ikiwa kavu na yenye ukungu, idondoshee maji na uitazame. Ukungu ukitoweka na vipande vyeusi vikaonekana wazi mahali penye maji, ujue ubovu uko juu juu tu, ni mikwaruzo na uso uliochakaa, na paneli hiyo inaokoka. Ikibaki njano au nyeupe hata ikiwa na maji, utomvu umeharibika hadi ndani.

Ile inayookoka isugue kwa msasa laini sana ukiwa na maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, kisha 2000, kwa mkono mwepesi. Utomvu hauna unene mkubwa na chini yake silikoni ni nyembamba mno, kwa hiyo acha mara tu ukungu unapoisha, usisubiri ing'ae. Malizia kwa dawa ya meno au dawa ya kung'arishia, ioshe, ikauke kabisa, halafu ipake vanishi angavu ya matumizi ya nje, safu moja nyembamba. Vanishi inajaza mikwaruzo iliyobaki, kama yalivyofanya yale maji, na inakinga jua kwa muda. Taa zako mbili zilizofifia naziweka kwenye kundi hili. Karibu nina uhakika ukizisafisha paneli na kuzitia betri mpya zitarudi.

Hapa kuna jambo moja linalowapotosha hata mafundi. Mtu anapima paneli juani kwa multimita, anaona volti 2.2, anasema paneli nzima. Volti ya paneli hushuka kidogo sana mwanga unapopungua. Mkondo ndio unaofuata mwanga moja kwa moja: nusu ya mwanga, nusu ya mkondo. Kwa hiyo paneli iliyofunikwa na ukungu inaweza kuonyesha volti safi kabisa huku ikitoa robo ya mkondo wake. Pima mkondo. Geuza multimita kwenye miliampia, kwenye kipimo cha 200 au zaidi, tenganisha waya mmoja wa paneli na saketi, gusisha ncha za multimita kwenye chanya na hasi ya paneli ikiwa inalitazama jua la saa sita. Paneli ndogo kama hii haidhuriki kwa kupimwa hivyo. Fanya kwenye taa zote nane na uandike namba. Huhitaji kujua kiwanda kilikusudia ngapi. Ile yenye namba kubwa kuliko zote ndiyo kipimo chako, nyingine zilinganishe nayo.

Taa iliyo chini ya mti ina shida ya ziada. Vipande vya paneli vimeungwa kwa mfululizo, mkondo unapita kwenye cha kwanza hadi cha mwisho, kwa hiyo kipande kimoja kikifunikwa na kivuli kinakuwa kizuizi cha vingine vyote. Jani moja lililolala juu ya kipande kimoja kati ya vinne halikupunguzii robo. Linaweza kukunyima karibu chote. Kivuli cha matawi kinachocheza juu ya paneli siku nzima kinafanya hivyo hivyo. Kwa taa hiyo betri mpya haitasaidia kitu, na nitakuambia cha kufanya hapo chini.

Zile mbili zisizowaka kabisa zitazame kwa jicho la karibu, chini ya mwanga mzuri. Ikiwa hata betri ya taa nzima haiziwashi, mara nyingi tatizo ni maji. Angalia springi na kibati kinachogusa betri: ukikuta unga mweupe au kijani, betri iliwahi kuvuja. Kilichovuja ni alkali, kwa hiyo unasafishwa kwa asidi nyepesi. Chovya pamba kwenye siki au ndimu, paka, subiri povu liishe, futa kwa maji safi, kausha vizuri. Vaa glavu. Sugua kwa msasa mpaka chuma kionekane, kisha paka mafuta ya mgando kidogo sana ili kutu isirudi.

Baada ya hapo fuata nyaya. Nyaya za taa hizi ni nyembamba, na kutu huingia ndani ya ganda la plastiki pasipoonekana. Kwa nje waya ni mwekundu na mzima, ukiuvuta kidogo kwa kucha karibu na ulipolehemiwa unakatika, na ndani unakuta nyuzi nyeusi zinazovunjikavunjika kama unga. Waya wa namna hiyo usiulehemu upya, risasi haitashika kwenye nyuzi nyeusi. Weka waya mpya. Swichi nayo huota kutu ndani. Ichezeshe mbele na nyuma mara nyingi, na isipoamka, unganisha nyaya zake mbili moja kwa moja na uiache nje ya saketi. Taa ya bustani haihitaji swichi kila siku, na hiyo ni tundu moja pungufu la kuingiza maji.

Ikiwa nyaya na swichi ni nzima na bado kiza, pima LED. Betri ndogo bapa ya volti 3, aina ya CR2032, inatosha: mguu mrefu wa LED kwenye chanya, mfupi kwenye hasi. LED nzima itawaka. Ikiwaka, basi chipu au koili ndiyo imekufa, na kati ya hizo mbili chipu ndiyo ya kushuku. Chipu hizi hupatikana kwa bei ndogo sana, na zimeandikwa namba juu yake, kwa mfano YX8018 au QX5252. Nunua yenye namba ile ile. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya namba na namba, na ukiiweka nyingine kwa kudhani zote ni sawa unaweza kuiunguza mara ya kwanza unapotia betri. Tahadhari moja ya kazi: usiiwashe saketi wakati LED imetolewa, kwa sababu volti inayosukumwa na koili inakosa pa kwenda na inairudia chipu.

Inayokonyeza ina sababu tatu, na utaijua yako ndani ya dakika chache. Ngojea giza, kisha funika paneli kabisa kwa kitu cheusi, tuseme kipande cha kitambaa kizito. Ikiacha kukonyeza na kuwaka mfululizo, paneli ilikuwa inaona mwanga: ama wa taa nyingine iliyo jirani, ama wake yenyewe ukirudishwa na ukuta mweupe au majani yaliyo karibu. Taa inawaka, paneli inaona mwanga, chipu inadhani kumekucha, inazima. Kiza kinarudi, inawaka tena, na mzunguko unaendelea mpaka asubuhi. Dawa ni kuisogeza au kuigeuza. Isipoacha, betri imechoka: LED ikiwaka volti inaporomoka, chipu inazima ili kuilinda betri, betri inapumua kidogo, inawaka tena. Kama betri ni nzuri, basi kuna mguso uliolegea. Itikise taratibu na utaona kukonyeza kunabadilika.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nimelichelewesha makusudi, kwa sababu jibu lake linategemea ile namba ya miliampia uliyoandika kwa kila paneli. Betri kubwa haiongezi mwanga. Kuweka betri kubwa ni kuweka ndoo kubwa chini ya bomba lile lile: kinachoingia kwa siku hakibadiliki. Fanya hesabu. Tuseme paneli yako inatoa miliampia 60 kwenye jua kali, na kwa siku nzima unapata kiasi kinacholingana na saa 5 za jua hilo. Hizo ni 300 mAh, yaani miliampia mara saa, kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye betri. Sehemu yake inapotea kama joto wakati wa kuchaji, tuseme theluthi, unabaki na 200 mAh. Taa ikila miliampia 20 kutoka kwenye betri, unapata saa 10 za mwanga. Ukiweka betri ya 2000 mAh, bado umeingiza 200 tu kwa siku. Betri ya 600 hadi 1000 inatosha kabisa kwa paneli kama hiyo. Ziada yake inakusaidia siku za mawingu, na ina faida nyingine. Chipu nyingi za taa hizi hazijui kuacha kuchaji betri ikijaa, na Ni-MH inastahimili kuchajiwa kupita kiasi mkondo usipozidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Miliampia 60 kwenye betri ya 600 ni salama. Kwenye betri ya 150 itaimaliza mapema.

LED kubwa nayo haiongezi mwanga yenyewe, kwa sababu anayeamua LED ipate mkondo kiasi gani ni koili. Koili hupimwa kwa mikrohenri: yenye chache huruhusu mkondo mkubwa, yenye nyingi huuzuia. Ukibadilisha koili kwa yenye takriban nusu ya thamani, matumizi yanapanda karibu maradufu na mwanga unaongezeka. Lakini rudi kwenye hesabu: zile saa 10 zinakuwa 5. Kwa mtu anayetaka njia yake ionekane vizuri hadi saa nne usiku tu, huo ni uamuzi mzuri na ningeufanya mwenyewe. Kwa anayetaka taa hadi alfajiri, hapana, mpaka paneli iongezwe. Kuunganisha LED mbili kwa pamoja kunagawa mkondo ule ule nusu kwa nusu, mwanga unasambaa zaidi lakini hauongezeki maradufu.

Hata hivyo kubadilisha LED kunaweza kulipa kwa njia nyingine. Katika saketi kama hii LED inapata kama miliampia 6 tu, na LED mpya yenye ubora hutoa mwanga mwingi zaidi kwa mkondo huo huo kuliko ile iliyokuja na taa, ambayo plastiki yake pia imechakaa kwa muda. Chagua ya milimita 5 yenye ufanisi mkubwa. Na fikiria rangi: mwanga wa njano au wa kaharabu huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wa kubluu, na kwenye bustani ni mzuri zaidi kwa macho. Hilo ndilo badiliko ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halikugharimu hata dakika moja ya muda wa kuwaka.

Ukitaka mwanga zaidi bila kupoteza saa, ongeza paneli. Ikitokea taa moja haifai tena, toa paneli yake na uiunganishe na ya taa nyingine, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti inabaki 2, mkondo unajumlishwa. Zote ziwe za volti sawa. Paneli ya volti 6 kwenye chipu ya taa ndogo ni njia ya kuiua. Paneli mbili chipu inazibeba. Ukitaka zaidi, usipitishe mkondo wote ndani ya chipu: weka diodi ya Schottky (kidude kinachopitisha mkondo upande mmoja tu), kwa mfano 1N5817, kutoka chanya ya paneli kwenda chanya ya betri, mstari wake uelekee betri, huku waya wa paneli unaokwenda kwenye chipu ukibaki pale pale ili chipu iendelee kuona usiku na mchana. Kumbuka tu kwamba mkondo ukikua, betri nayo ikue.

Njia hii inatibu pia taa ya chini ya mti. Toa paneli kwenye kofia, ipeleke mahali penye jua kwa nyaya mbili, na taa ibaki pale unapoitaka. Watu huogopa kwamba umeme utapotelea njiani, lakini kwa mkondo mdogo hivi hakuna cha kuogopa. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.7, na kwa miliampia 60 unapoteza volti 0.04. Ielekeze paneli upande wa ikweta, kwa mwinuko unaokaribia digrii za latitudo yako. Kama uko karibu sana na ikweta, iinamishe kidogo hata hivyo ili mvua iioshe na vumbi lisilale.

Unapolehemu nyuma ya paneli, fanya haraka. Vile vituo viwili vya shaba hubanduka ukiviunguza, na vikishabanduka paneli hairekebishiki kwa urahisi. Sugua kituo kwanza, kitie risasi kidogo, utie na waya risasi pembeni, kisha ugusishe vyote pamoja kwa sekunde moja au mbili. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri, joto linaharibu mpira wake wa ndani. Nunua yenye masikio ya kulehemia au tumia kishikio.

Mwisho, kabla ya kufunga kofia, zuia maji yasiingie juu na yaache yatoke chini. Paka silikoni pale paneli inapokutana na plastiki na pale nyaya zinapopita, lakini usizibe kila mahali, maana unyevu wa asubuhi huingia kwa vyovyote na unahitaji kitundu cha kutokea upande wa chini. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka iepuke, asidi yake inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Betri za zamani usizichanganye na takataka za nyumbani, hasa ukikuta maandishi ya Ni-Cd. Zifunge ncha kwa utepe wa gundi na uzipeleke panapokusanywa betri na vifaa vya umeme vilivyokwisha. Na zile namba za miliampia ulizoandika, zibandike ndani ya kila kofia pamoja na mwezi uliotia betri mpya, ili mwakani ukizipima tena ujue mara moja ni paneli ipi imeanza kushuka.